Bafu lisilo na dirisha: mashine ipi ya kunyonya unyevu?

DADA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo nimekuja na taulo, liko hapa mezani. Juzi nililipima kwenye mzani wa jikoni likiwa kavu, gramu 480. Nikaoga, nikajifutia, nikalitundika bafuni kama kawaida. Jana muda uleule nikalirudisha kwenye mzani: gramu 560. Siku nzima, maji gramu 80 bado yamo.

FUNDI: Na harufu?

DADA: Uvundo. Kama nguo iliyosahaulika ndani ya ndoo. Na hilo ndilo bafu la chumba cha masta, Fundi. Halina dirisha. Kwenye kona ya dari, juu ya bomba la mvua, kuna ukungu mweusi. Nafuta Jumamosi, Jumatano umerudi.

FUNDI: Pole. Masika haya simu zangu karibu zote ni hizo. Mtu ananiita nije kuangalia AC, nikimaliza ananishika mkono, "Fundi, hebu njoo uone na huku."

DADA: Wasikilizaji wapya mjue, mwenzangu ni fundi wa majokofu na viyoyozi hapa Dar. Sasa mimi niliona kwenye simu kimashine kidogo cha kunyonya unyevu, bei rahisi, nikaagiza. Kimekaa bafuni kwa ekstensheni, usiku na mchana. Asubuhi nikifungua kitangi chake nakuta maji kama nusu kikombe cha chai.

FUNDI: Kina kompresa, ile mota inayonguruma nyuma ya friji?

DADA: Hakina hata sauti. Kinawaka taa ya bluu tu.

FUNDI: Basi hicho kinapoza kwa kijibamba cha umeme, hakina gesi wala kompresa. Tuelewane kwanza mashine hizi zinafanyaje kazi. Ukitoa chupa ya soda kwenye friji, ukaiweka mezani, inatoka jasho. Yale maji hayatoki ndani ya chupa, yanatoka kwenye hewa. Hewa imegusa kitu cha baridi, ikaacha maji yake pale. Mashine ya kompresa ni chupa ya soda isiyoisha ubaridi: feni inavuta hewa, inaipitisha kwenye mabomba ya baridi, maji yanadondoka kwenye tangi. Hicho chako kina ubaridi, ila ni mdogo sana. Vingi vya namna hiyo vinatoa robo lita mpaka nusu lita kwa saa 24.

DADA: Lakini hakili umeme. Nilikipendea hilo.

FUNDI: Tupige hesabu. Tuseme kinakula wati 25. Kikiwaka saa 24 ni uniti 0.6 kwa siku, na umepata robo lita. Mashine ya kompresa ya lita 12 inakula kama wati 200. Iwashe kwa muda wa saa tatu tu: uniti 0.6 zilezile. Kwa hewa yetu ya masika, saa tatu hizo zinaweza kukupa lita moja na nusu.

DADA: Mara sita! Kwa umeme uleule?

FUNDI: Uleule. Kwa mwezi ni uniti 18. Sasa, wale mlio kwenye bei ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya matumizi madogo, ya mwisho uniti 75 kwa mwezi, hesabuni vizuri. Uniti 18 zinaweza kuwavusha, na mkivuka bei inapanda. Hilo lifikiriwe kabla ya kwenda dukani.

DADA: Hiyo "lita 12" imeandikwa kwenye boksi, siyo? Nimeona nyingine 10, nyingine 20. Ni ukubwa wa tangi?

FUNDI: Hapana, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Ni maji ambayo mashine inaweza kutoa kwa siku nzima. Tangi lake laweza kuwa la lita mbili tu. Na namba hiyo kwa kawaida imepimwa kwenye chumba chenye nyuzi joto 30 na unyevu asilimia 80. Nyuzi 30, asilimia 80! Hiyo ni Dar, Tanga, Mombasa, Unguja. Ndugu yako aliye Uingereza akiinunua hiyohiyo, nyumba yake ina nyuzi 18, hapati hata nusu. Ndiyo maana kule wengine hununua zile za aina ya tatu, zenye gurudumu la kemikali inayofyonza maji kisha inakaushwa kwa hita. Kwenye baridi zinafanya kazi nzuri. Huku kwetu sikushauri kabisa, zinamwaga joto chumbani na zinakula umeme sana. Kwa pwani, kompresa. Bafu la kawaida na chumba chake, lita 10 au 12 zinatosha.

DADA: Basi kesho Kariakoo.

FUNDI: Subiri. Chumvi yako jikoni ikoje?

DADA: Chumvi? Imeshikana. Nimeweka punje za mchele kwenye kopo kama alivyotufundisha mama.

FUNDI: Mama alikuwa anapima unyevu. Chumvi ya mezani inaanza kunyonya maji hewani unyevu ukifika kama asilimia 75. Chumvi yako ikilia, jua nyumba nzima imepita hapo, siyo bafu peke yake. Ukungu nao kwenye hali hiyo unastawi. Sisi tunataka tushuke chini ya 60. Kwa hiyo, kabla ya mashine, nunua kipima unyevu, kile kidogo cha kidijitali. Na ukihakiki kwa chumvi hiyohiyo: weka chumvi kwenye kifuniko cha chupa ya soda, idondoshee maji kidogo iwe kama uji mzito, tia pamoja na kipimo kwenye mfuko wa plastiki, funga kabisa, acha usiku kucha. Asubuhi kinapaswa kusoma 75 au karibu na hapo. Kikisoma 68, ujue kinapunguza 7.

DADA: Hii lazima niifanye. Nimeipenda.

FUNDI: La pili, ukuta. Chukua karatasi ya foili, bandika kwa gundi pande zote nne pale penye ukungu, siku mbili. Ukibandua ukakuta maji upande wa ukutani, yanatoka ndani: bomba linavuja, au bafu la jirani wa juu. Hapo mashine utaichosha bure, mwite fundi bomba. Maji yakiwa upande wa nje wa foili, ni hewa.

DADA: Kuna msikilizaji wetu wa Mji Mkongwe, aliuliza habari za nyumba ya mawe.

FUNDI: Zile kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinapumua. Zinavuta maji, zinayaachia. Mtu akija akapiga plasta ya saruji na rangi ya plastiki, maji yanafungiwa ndani, rangi inavimba na kumenyuka. Mashine haiwezi kutibu hilo. Ningeanza na mtu anayejua kazi ya chokaa.

DADA: Na feni ya bafuni, ya kutoa hewa nje? Ninayo, inapiga kelele kama helikopta.

FUNDI: Kelele siyo kazi. Chukua kipande cha karatasi ya chooni, kiweke kwenye wavu wake. Kikinata, inavuta. Kikianguka, imejaa vumbi, au bomba lake halifiki nje. Nimefungua dari za jipsam nikakuta feni inapuliza ndani ya dari yenyewe. Mvuke wote unalala juu ya jipsam, halafu mwenye nyumba anashangaa ukungu unatokea juu.

DADA: Kona yangu iko juu kabisa.

FUNDI: Basi nitakuja niangalie. Kingine ni sakafu. Ukimaliza kuoga, maji yaliyobaki chini yanafika hata lita moja. Yasukume yote kwenye shimo kwa ule mpira wa kusukumia maji, dakika moja. Usipofanya hivyo, mashine itayavuta tone kwa tone kupitia hewani, na wewe ndiye unayelipia LUKU.

DADA: Mashine yenyewe naiweka wapi? Bafuni sina soketi.

FUNDI: Na usiweke! Tafadhali, hapa nasema kwa moyo wote. Usivute ekstensheni ikaingia bafuni. Mashine nyingi za nyumbani hazina kinga ya kumwagikiwa maji. Angalia kibandiko cha nyuma, kuna herufi IP na namba mbili, ya pili ndiyo ya maji. Ikiwa 0, haina kinga. Ikiwa 4, inavumilia kurushiwa matone kutoka pande zote. Hata hiyo 4 isikae chini ya bomba la mvua. Mimi ningeiweka chumbani, mlangoni mwa bafu, imechomekwa soketi ya chumbani, mlango wa bafu wazi, madirisha ya chumba yamefungwa. Usipofunga unakausha upepo wa Bahari ya Hindi. Na kwenye boksi la umeme pawe na breka ya kukata umeme ukivuja, ya miliampia 30.

DADA: Umeme ukikatika?

FUNDI: Swali zuri. Muulize muuzaji: ukirudi, inawaka yenyewe na kukumbuka ulivyoiseti? Zenye kitasa cha kuzungusha kwa kawaida zinaendelea. Za vitufe, nyingine zinabaki zimezima, unarudi kazini jioni unakuta hali ileile. Ipitishe pia kwenye kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache umeme ukirudi. Na ikifika nyumbani, isimamishe wima saa kadhaa kabla ya kuiwasha, kama friji. Bodaboda wanazilaza.

DADA: Joto je?

FUNDI: Inapasha chumba kidogo, ndiyo. Iwashe ukiwa kazini. Usiku ukiwasha AC, acha mlango wa bafu wazi. AC nayo inanyonya, ndiyo yale maji ya bomba la nje.

DADA: Tangi nalimwaga kila siku?

FUNDI: Kila siku, au unganisha mpira uelekee shimo la bafu, ushuke tu, usipande popote. Maji yake si ya kunywa, yamepita kwenye vumbi. Pigia deki. Ila usiyaache. Mbu wa dengue anataka maji safi yaliyotuama, na wiki moja inaweza kumtosha kutoka yai mpaka kuruka. Dar tuliugua 2014, tukaugua tena 2019. Na kichujio kioshe kila baada ya wiki mbili.

DADA: Kutoka mlango wa bafu langu mpaka shimo ni hatua tatu hivi. Sakafu inainamia kule.

FUNDI: Mpira wa mita mbili unafika. Lakini foili kwanza.

DADA: Foili leo usiku, kipimo na chumvi kesho. Jumamosi uje na ngazi, tufungue hiyo dari.