Jina Kwenye Faili: Singeli, Chuga na Muziki Unaotafutwa Usionekane

(Mhadhara kwa maprodyuza, madijei na wapenzi wa muziki, Arusha)

Shikamooni wazee wetu mliokaa mbele. Machalii wa Chuga, mambo?

(Ukumbi: Poa!)

Naona wengine mmekuja na begi la laptopu mgongoni. Vizuri, maana leo zitatumika.

Nimeombwa nizungumzie singeli. Najua wapo humu ndani wanaojiuliza singeli inahusu nini Chuga, hii Arusha yetu, mji wa hip hop. Nitafika huko. Kwanza tazameni hapa ukutani. Hili ni faili nililolitoa kwenye memori kadi ya bodaboda mmoja wa Ngarenaro, kwa ruhusa yake. Jina la faili: "singeli kali mpya 3 mwisho kabisa". Nikibonyeza nione taarifa zake za ndani, sehemu ya msanii imeandikwa "Track 03". Sehemu ya albamu imewekwa anwani ya tovuti ambako watu walikuwa wanapakua nyimbo bure. Mwaka hakuna. Prodyuza hakuna. Aina ya muziki: namba 12, ambayo kwa mfumo huo maana yake ni "nyinginezo".

Sasa sikilizeni.

(Anapiga wimbo kwa sekunde chache. Vifijo.)

Mmeona? Nusu ya ukumbi imesimama. Wimbo mzuri, biti imekaa, MC anachana bila kupumua. Lakini tukimaliza hapa, mtu akienda nyumbani akitaka kuusikiliza tena, ataandika nini kwenye simu? "Track 03"? Muziki upo, watu wanaupenda, na bado haupatikani. Hicho ndicho ninachotaka tukiongelee, kwa sababu naamini kinaamua singeli itakumbukwa kuwa ni kitu gani.

Turudi nyuma kidogo. Singeli imetoka Dar, mitaa ya Manzese, Tandale, Mburahati na mingine ya namna hiyo, kwenye vigodoro, zile shughuli za usiku kucha mtaani. Kabla yake kulikuwa na mchiriku: kinanda kidogo cha Casio, ngoma, kipaza sauti kinachokwaruza, na watu wa shughuli wakaupenda hivyo hivyo ulivyo. Kundi la Jagwa Music lilifikisha mchiriku hadi kwenye lebo ya Brussels, Crammed Discs, ambayo ilitoa albamu yao mwaka 2012. Singeli ikachukua roho ile ile ikaihamishia kwenye kompyuta. Unakata kipande cha taarabu, unakizungusha, unakipandisha kasi hadi mapigo 200 kwa dakika, wengine hadi karibu 300, halafu MC anapanda juu yake.

Redio nyingi ziliuona ni muziki wa kihuni. Katikati ya miaka ya 2010 EFM ya Dar ikaanza kuupiga kwa kujivunia, Msaga Sumu akaitwa mfalme, na mwaka 2016 Man Fongo akatoka na Hainaga Ushemeji. Hapo hata waliokuwa wanaukejeli wakaanza kuucheza harusini. Baadaye wasanii wakubwa wa Bongo Fleva nao wakautia mkono.

Hiyo ni njia moja. Njia ya pili ilipita Kampala. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ilikwenda Mburahati, kwenye studio ya Sisso, na mwaka 2017 ikatoa mkusanyiko ulioitwa Sounds of Sisso. Mwaka uliofuata ikatoka albamu ya Bamba Pana, 2019 za Jay Mitta na Duke, 2022 ya DJ Travella. Vijana wa uswahilini wakapanda ndege kwenda kupiga kwenye matamasha ya Ulaya, na wachambuzi wa kule wakawa wanauweka singeli karibu na gabba, ule muziki wa kasi wa klabu za Uholanzi.

Angalieni kilichotokea. Muziki wenye jina moja ukawa na sura mbili. Kwa mama wa Tandale, singeli ni MC na maneno yake: visa vya mtaani, mafumbo, vijembe, majina ya watu waliokodi muziki. Ukimwondoa MC, shughuli imekufa. Kwa msikilizaji wa Berlin, singeli ni biti, kasi, kelele tamu za kompyuta, na anayejulikana jina ni prodyuza. Yule haelewi Kiswahili, kwa hiyo maneno kwake ni sauti tu.

Kuna wanaosema Kampala wametuibia singeli. Mimi sikubali. Wao walifanya kazi moja ambayo sisi tuliiona ya kishamba: waliandika. Ukichukua toleo lao unakuta jina la prodyuza, jina la studio, mtaa, mji, mwaka. Kila wimbo una jina lake. Mtu akitafuta, anafika. Wakati huo huo maelfu ya nyimbo za singeli yenye MC yalikuwa yanatembea kwa bluetuthi na memori kadi, yakiwa na majina kama hili la ukutani. Kwa hiyo mwanafunzi wa muziki popote duniani anayetaka kuandika kuhusu singeli leo ataanzia kwenye ile iliyoandikwa. Ile nyingine, ambayo ndiyo iliyojaza mitaa, ataiona kwa mbali kama habari ya kusikia.

Dada pale nyuma umenyoosha mkono? Haya, sema.

(Swali: Si kuna Shazam siku hizi? Inatambua wimbo wenyewe.)

Swali zuri sana. Shazam na wenzake wanatambua sauti kwa kulinganisha na sauti zilizokwisha kuingizwa kwenye ghala lao. Wimbo ambao haujawahi kuingizwa hauwezi kutambulika, hata uwe mtamu vipi. Na ukiingizwa, jina utakaloona ni lile lililojazwa na aliyeuingiza. Mashine haijui kwamba biti imetengenezwa Mburahati, mpaka mtu aiambie.

Na hili la kujaza lina historia yake. Mfumo wa kwanza wa kuweka taarifa ndani ya MP3, unaoitwa ID3, ulitoka mwaka 1996. Ulikuwa na baiti 128 tu, mwishoni mwa faili. Herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo. Kwa aina ya muziki ilibaki baiti moja, maana yake huandiki unachotaka, unachagua namba kwenye orodha. Orodha ile ya kwanza ilikuwa na aina 80. Hip hop ni namba 7. Rege namba 16. Polka, ngoma ya Ulaya ya kati, ina namba yake, 75. Taarabu haimo. Rumba haimo. Ukitaka kuwa mtiifu kwa orodha, sisi tulibakiwa na namba 48, "Ethnic", au 72, "Tribal", yaani muziki wa makabila. Na wala msidhani orodha ilitungwa na kamati ya maprofesa. Namba 67 ina kosa la tahajia ambalo lilinakiliwa na programu moja baada ya nyingine kwa miaka.

(Vicheko.)

Mwaka huo huo wa 1996, hapa hapa Arusha, kundi la hip hop la X Plastaz lilianza. Wazee wa mbele mnatikisa kichwa, mnawakumbuka. Mwaka 2004 albamu yao ilitolewa na Out Here Records ya Munich, na kava likasema Maasai Hip Hop. Jina lile lilifanya kazi kubwa. Mzungu dukani alielewa papo hapo anachonunua. Ndani kulikuwa na Merege, anaimba kwa sauti ya Kimasai, na G-San na wenzake wanachana Kiswahili juu ya biti. Mwaka 2009 G-San akasimama kwenye tuzo za hip hop za BET kule Marekani akachana Kiswahili.

Lakini jina hilo lilibeba X Plastaz peke yao. Kundi la Watengwa, la hapa hapa, hawakuvaa shuka ya Kimasai. Nako 2 Nako, nao wa hapa, hawakuvaa shuka. Hip hop ya Kijenge na Kaloleni ilikuwa ni lugha ya mtaa, ugumu wa maisha na kiburi cha Chuga. Aliyekuwa nje akitafuta hip hop ya Arusha kwa kupitia neno Maasai, hawa hakuwaona. Sisi tuliwajua kwa sababu tulikuwa tunakutana nao barabarani. Sasa mtoto aliyezaliwa 2010 hakutani na mtu yeyote barabarani. Anakutana na kisanduku cha kutafutia.

Ndiyo maana nawaongelesha kuhusu singeli hapa. Najua humu wamo vijana wanaotengeneza singeli Sakina na Unga Limited, na wanaambiwa "hii si ya Chuga, Chuga ni michano migumu". Nimesikiliza baadhi ya kazi zenu. Kuna mmoja ameweka uchanaji wa kizamani wa Arusha, ule wa taratibu wenye kutafuna maneno, juu ya mapigo 220. MC yuko nusu ya kasi, biti iko kasi kamili, na vinakutana sawasawa. Sijasikia kitu hicho Dar. Nikamuuliza ameupandisha mtandaoni chini ya aina gani. Akaniambia, "Afrobeats, mkubwa, ndiyo inayosikilizwa."

Namwelewa. Spotify imefika Tanzania Februari 2021, Boomplay na Audiomack zipo, YouTube ndiyo usiseme, na kila mtu anataka asikilizwe. Lakini fikirini mashine inavyopendekeza. Inaangalia waliosikiliza huu wanasikiliza nini kingine. Ukijiweka Afrobeats, unapelekwa kwa mtu anayesubiri muziki wa Lagos. Anasikia mapigo 220, anaruka baada ya sekunde tano. Wenzake wanaruka pia. Mashine inajifunza kwamba wimbo wako unarukwa, inaacha kuupendekeza. Ukiandika singeli, unapelekwa kwa watu wachache, lakini hao wanakaa hadi mwisho na wanarudia. Mimi nachagua wachache wanaokaa. Kuna wenzangu kwenye biashara hii watawaambia kinyume, na pesa wanazo kuliko mimi, kwa hiyo pimeni wenyewe.

Na mkiandika singeli, ongezeni Arusha. Kwenye maelezo, kwenye jina la albamu, popote panaporuhusu. Miaka kumi ijayo mtu akitaka kujua singeli ya kaskazini ilianzaje, apate mahali pa kushika.

Jingine ni tahajia. Msanii mmoja nimemkuta ameandikwa kwa njia tatu kwenye jukwaa moja: kwa herufi kubwa na nukta, bila nukta, na mara ya tatu ametanguliwa na "MC". Kwa mashine hao ni watu watatu, na kila mmoja ana theluthi ya wasikilizaji. Chagueni jina moja mlishike kama kitambulisho cha NIDA. Kila rekodi inastahili pia namba ya ISRC, namba ya kuitambulisha rekodi yenyewe, yenye herufi na tarakimu 12. Msambazaji wako wa mtandaoni hukupa. Iandike kwenye daftari, kwa sababu ukihamia kwa msambazaji mwingine bila namba ile ile, unahesabika umeanza upya. Habari za COSOTA ya hakimiliki na BASATA, Baraza la Sanaa, mnazijua, sitawachosha.

Msiweke kila kitu sehemu moja, pia. Mwaka 2019 mtandao wa MySpace ulikiri kwamba nyimbo zilizopandishwa humo kuanzia 2003 hadi 2015 zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Zaidi ya milioni 50 zilitajwa. Ile ilikuwa kampuni kubwa, na wasanii wengi wa chini ya ardhi hawakuwa na nakala nyingine.

Basi, chai ipo kule pembeni. Tukirudi, wenye laptopu wakae meza za kulia. Wenye flashi na memori kadi za zamani waje kushoto. Tutafungua faili moja moja na kujaza: MC, prodyuza, studio, mtaa, mwaka. Msipokumbuka mwaka, ulizeni wazee. Huyu mzee mwenye kofia alikuwa anachoma CD pale Kilombero, na ameniambia bado ana maboksi mawili nyumbani.