Retachi ya Rangi: Shina Jipya, Ncha za Zamani

NEEMA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Ni mimi Neema, na kama kawaida nipo na msusi wetu, Da Zuhura. Leo tunaongelea siku zinazofuata baada ya retachi ya rangi, yaani kupaka rangi mashina yaliyoota upya. Mvi zilichungulia, mashina yakaanza kukuumbua, ukakaa kitini, ukapakwa, ukatoka umependeza. Wiki mbili baadaye rangi imeshapauka. Da Zuhura, huwa inakwenda wapi?

ZUHURA: Inakwenda na maji, mdogo wangu. Lakini kabla ya maji kuna jambo watu hawaliulizi. Ukitoka kufanya retachi, kichwani kwako una nywele za aina mbili. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa wengine inazidi kidogo. Mwenye nywele za sentimita 30, shina lake lina wiki chache tu, lakini ncha ina miaka kama miwili na nusu. Hiyo ncha imeshaoshwa weee, imepigwa pasi, imekaa juani. Shina ndiyo kwanza limeonja dawa. Sasa mtu anazitunza zote kwa namna moja, halafu anauliza mbona juu ni nyeusi tii na chini zimekuwa za kahawia.

NEEMA: Ndiyo mimi huyo. Kwani dawa ikifika kwenye unywele inafanya nini hasa?

ZUHURA: Unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Rangi ya kudumu inakuja na amonia, au kemikali nyingine inayofanya kazi hiyohiyo. Inauvimbisha unywele na kuyainua magamba. Kisha kuna ile krimu ya kuchanganyia, ambayo ndani yake kuna peroksaidi. Molekuli za rangi zinaingia zikiwa ndogo, hata rangi yenyewe bado hazina. Peroksaidi inazifanya ziungane humo ndani, zinakuwa kubwa, zinapata rangi, na mlango wa kutokea unakuwa mwembamba kwao.

NEEMA: Lakini si zinatoka hivyohivyo?

ZUHURA: Zinatoka, maana si zote zinakua vya kutosha, na unywele uliochoka magamba yake yameshabanduka, hakuna cha kuzizuia. Ndiyo maana ncha hufifia kabla ya shina, japo zote zimepakwa siku moja. Wenye rangi nyekundu poleni sana, hiyo ndiyo inayokimbia kuliko zote.

NEEMA: Haya, nimetoka saluni. Nimeambiwa nisioshe siku mbili, tatu. Wengine wanasema rangi inakuwa bado inaiva.

ZUHURA: Kuiva imeshaiva. Ikisuuzwa vizuri saluni, kazi kubwa imekwisha. Mimi namshauri mteja asubiri hizo saa 48 hadi 72 kwa sababu nyepesi tu: unywele umetoka kuvimbishwa na dawa kali, uache utulie kabla hujauvimbisha tena. Unywele ukilowa hunyonya maji na kuvimba, na kila ukivimba kuna rangi inayochuruzika. Hata bila shampuu. Povu linabebeshwa lawama zote, na maji yanakaa pembeni kama hayahusiki.

NEEMA: Kwa hiyo hizi shampuu zisizo na salfeti, ile kemikali ya kutoa povu, tunanunua bure?

ZUHURA: Si bure. Ni laini zaidi, ncha kavu zinazifurahia. Ila mtu anayeosha kila siku kwa shampuu isiyo na salfeti atafifia kabla ya yule anayeosha mara moja kwa wiki kwa shampuu ya kawaida. Punguza idadi ya kuosha kwanza, chupa utaichagua baadaye.

NEEMA: Na anayefanya mazoezi, kichwa kinatoka jasho kila jioni?

ZUHURA: Huyo avae kitambaa cha kunyonya jasho, au ajifunze kuosha ngozi ya kichwa peke yake. Gawanya nywele, shampuu kidogo kwenye vidole, sugua ngozi, basi. Povu likiteremka wakati wa kusuuza linatosha kuzisafisha ncha. Usizikusanye nywele zote juu ya utosi ukazifikicha kama unafua soksi! Kondishena ifanye kinyume: anzia katikati ushuke hadi ncha, shina liache. Shina jipya lina mafuta yake yanayotoka kwenye ngozi.

NEEMA: Maji ya baridi je? Nimeoga maji ya baridi asubuhi nzima natetemeka kwa ajili ya kufunga magamba.

ZUHURA: Pole, shoga. Magamba hayafungwi na baridi, yanafungwa na asidi. Dawa ya rangi ni ya upande wa alikali, kinyume cha asidi, ndiyo inayoyainua. Nywele zenyewe kwa asili zina uasidi kidogo, na kondishena nyingi zimetengenezwa na uasidi wa namna hiyo, kwa hiyo zinayalaza. Ile kondishena ndogo inayokuja ndani ya boksi la rangi usiitupe, kazi yake ni hiyo. Maji yawe vuguvugu, yatosha. Ya moto sana ndiyo uyakimbie.

NEEMA: Mafuta? Kuna wanaosema mafuta yanavuta rangi nje.

ZUHURA: Mafuta ya nazi ukiyapaka kwenye ncha saa moja hivi kabla ya kuosha, yanasaidia. Yana uwezo wa kupenya ndani ya unywele, na unywele wenye mafuta ndani haunyonyi maji kwa pupa. Mtu akipaka baada ya kuosha anapata mng'aro, ni sawa, lakini faida kubwa iko kabla ya kuosha. Paka kidogo tu. Ukijimwagia chupa nzima utalazimika kuosha mara mbili kuyatoa, na hapo umefanya kazi ya nini?

NEEMA: Tuje kwenye moto. Draya na pasi.

ZUHURA: Pasi ndiyo ninayoigombia. Nywele zilizopakwa rangi juzi, mtu anaweka pasi hadi alama ya mwisho, nyuzi 230! Kwa nywele za rangi mimi sipendi kuvuka 180, na nywele nyembamba ziende chini ya hapo. Ziwe zimekauka kabisa. Ukisikia chwaa, hayo ni maji yanachemka ndani ya unywele. Paka kinga ya joto kwanza, na pitisha mara moja taratibu badala ya mara tano haraka haraka. Rangi nyekundu na za shaba unaweza kuziona zikibadilika pale pale chini ya pasi.

NEEMA: Jua na bwawa la kuogelea?

ZUHURA: Jua linavunja rangi, vaa kofia au mtandio. Bwawani, lowesha kwanza nywele kwa maji safi na upake kondishena ndipo uingie, maana unywele ulioshiba maji safi hautanyonya mengi ya bwawa. Na wale wa blondi wanaotoka wamegeuka kijani, klorini wanaisingizia. Ni shaba iliyomo kwenye maji ndiyo inayoshika kwenye nywele.

NEEMA: Ngoja nikuulize la wasikilizaji wanaotumia dawa ya kulainisha. Retachi ya dawa na retachi ya rangi, siku moja, wamalizane.

ZUHURA: Hapana. Hapo sina utani. Dawa ya kulainisha ni alikali kali kuliko hata rangi. Ukiziweka mbili kwenye shina moja siku moja, shina linakatika usawa wa ngozi, na likikatika hapo kondishena haina la kufanya. Anza na dawa, subiri wiki mbili angalau, ndipo upake rangi. Ukianza na rangi, dawa itakuja kuibabua hiyo rangi. Na kusuka kwa kuvuta, au kubana nywele kwa nguvu, uache shina lipumue kwanza.

NEEMA: Na hina?

ZUHURA: Hina halisi, ya majani matupu, ni sawa. Tatizo ni hina za paketi zenye chumvi za metali. Zile zikikutana na peroksaidi zinaweza kupata moto na kuharibu nywele papo hapo. Kwa hiyo baada ya retachi usijipake hina ya paketi usiyojua imechanganywa na nini, maana retachi inayofuata itakuja na peroksaidi. Mwambie msusi wako kila ulichopaka. Na ile inayoitwa hina nyeusi mara nyingi imetiwa PPD, kemikali ileile ya rangi za kudumu, tena kwa wingi. Kuna watu ngozi zao zimeanza kuikataa PPD kwa sababu ya mchoro wa mkononi, wanakuja kujua siku wanapopaka rangi kichwani.

NEEMA: Mtu atajuaje kwamba amedhurika, na si kuwasha kwa kawaida?

ZUHURA: Kuwashwa kidogo wakati dawa iko kichwani kunaweza kuwa ni amonia tu, na kunapoa ukisuuza. Mzio unaweza kuja baadaye, hata siku moja mpaka tatu baada ya kupaka: vipele kwenye paji la uso, nyuma ya masikio, shingoni, kope zinavimba. Osha upya kwa maji mengi na shampuu laini uondoe mabaki, na umwone daktari. Uso ukivimba au pumzi ikibana, usisubiri asubuhi, nenda hospitali muda huohuo. Na usiniambie umepaka miaka kumi bila shida. Mzio hauangalii umetumia muda gani, unaweza kuanza leo. Ndiyo maana kile kipimo cha kupaka rangi kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko, saa 48 kabla, uone kama ngozi itaikataa, kinarudiwa kila mara.

NEEMA: Wachache sana wanakifanya.

ZUHURA: Wachache mno. Hata saluni nyingi zinaruka.

NEEMA: Sasa, Da Zuhura, ncha zangu zimeshafifia na mashina bado mapya. Nikirudi saluni nipakwe tena kichwa kizima?

ZUHURA: Hapo ndipo nywele za watu zinapoishia. Piga hesabu. Umepaka kila mwezi, na kila mara msusi anaivuta rangi kutoka shina hadi ncha. Ncha yenye miaka miwili na nusu imekula dawa mara 30. Shina mara moja. Rangi inarundikana katikati panakuwa na giza, ncha inakuwa kama nyasi kavu, haishiki chochote. Mteja anaona imefifia, anaomba irudiwe, na kurudia ndiko kunakoifanya ififie.

NEEMA: Kwa hiyo ncha nizifanyeje?

ZUHURA: Zipe rangi isiyo ya kudumu, ile inayokaa juu juu bila amonia wala peroksaidi, au maski ya rangi ya nyumbani inayolingana na yako. Inarudisha mng'aro, itatoka taratibu, na hakuna kilichoumia. Wa blondi wakiona unjano watumie shampuu ya zambarau. Wa kahawia wakiona rangi ya chungwa inachungulia, ya buluu. Mara moja kwa wiki imetosha, ukizidisha zambarau utatoka na kichwa cha kijivu.

NEEMA: Na mvi zikitokea kabla ya wakati wa retachi?

ZUHURA: Tumia poda au dawa ya kupuliza ya kuficha mashina, inatoka ukiosha. Zinatokea kwanza kwenye panja na paji la uso, huko ndiko jicho linakoenda, sehemu nyingine hakuna anayeona. Retachi yenyewe iache ifike wiki nne hadi sita, maana shina likiwa fupi mno msusi hawezi kulipaka bila kupanda juu ya rangi ya zamani.

NEEMA: Nikifika pale kitini niseme nini, ili nisionekane namfundisha msusi kazi?

ZUHURA: Sema unataka mashina tu, ncha asiziguse. Muulize peroksaidi anayotumia ni ya nguvu ngapi: kwa kufunika mvi, chupa ya 20, yaani asilimia 6, kwa kawaida inatosha. Akichukua ya 40 kwa retachi ya kufunika mvi, muulize kwa nini. Mwambie pia apake kondishena kwenye nywele za zamani kabla ya kuanza, ili dawa ikidondokea huko isishike. Msusi mzuri hatakasirika, atafurahi umejua unachotaka. Akikasirika, vua hilo shuka la shingoni uende zako.

NEEMA: Haya basi. Wenye maswali ya watoto na rangi za nywele, tumeyapokea mengi, tutayachukua wiki ijayo. Asante, Da Zuhura.

ZUHURA: Asante, mdogo wangu. Na wewe hiyo pasi yako nimeiona kwenye mkoba.