"Niko Sawa": Kuwafundisha Watoto Kuzijua Hisia Zao

Mhadhara kwa wazazi na walimu wa shule ya Jumapili, Kisumu

Bwana asifiwe. Bwana asifiwe tena. Walioketi nyuma, mnanisikia? Basi naomba hiyo feni izimwe kidogo, inaninyang'anya sauti. Joto la Kisumu tumelizoea.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuwafundisha watoto kutambua hisia zao na kuzitawala. Nitakaa sana kwenye kutambua. Kanisani tuna haraka ya kutawala: mtoto hajajua kinachomsumbua, tayari ameshaambiwa akishinde kwa jina la Yesu.

Siku moja nilikuwa nimeketi na darasa la watoto wa miaka minane, tisa. Wanapaka rangi. Kijana mmoja akavuta karatasi ya jirani yake, akairarua katikati. Mwalimu akamwambia aombe msamaha. Akaomba haraka haraka, kama mtu anayemlipa kondakta nauli. Nikamwita pembeni.

"Unasikiaje?"

"Niko sawa."

"Umekasirika?"

Akapandisha mabega.

"Hiyo kitu iko wapi mwilini?"

Hapo akafikiri. Akaweka vidole viwili hapa, chini ya koo. Nikamuuliza iko namna gani. Akasema, "Kama nimemeza ugali bila mboga."

Ndipo maneno yakatoka. Baba yake anafanya kazi mbali, alikuwa ameahidi kupiga simu Jumamosi, na simu haikulia. Na ile picha iliyoraruliwa ilikuwa ya mtoto na baba yake wakiwa ziwani.

Sasa, Kiswahili kina jina la kitu anachokimeza mtu kikakwama hapo: donge. Kijana yule alikuwa na donge, na ndani ya donge mlikuwa na wivu, na chini ya wivu simanzi. Mwalimu aliona hasira peke yake. Kumfundisha kutawala hasira ingekuwa kumpa dawa ya malaria mwenye homa ya matumbo. Hata kijana mwenyewe hakuwa na jina la alichohisi. Alikuwa na "niko sawa" tu.

Na maneno tunayo! Hamaki inawaka na kuzima kama kiberiti. Kinyongo kinalala nawe na kuamka nawe. Wasiwasi haujui unachoogopa, lakini woga unakijua. Kuna soni, kuna fedheha, kuna upweke, kuna kijicho. Watoto wetu tumewaachia maneno mawili: "poa" na "nimeboeka". Wajaluo mlio hapa mnasema *chunya lit*, yaani moyo unaniuma, na *chuny* hiyohiyo ni ini. Waswahili nao wanasema umenichoma maini. Fungueni Maombolezo 2:11, nabii analia juu ya Yerusalemu: "ini langu linamiminwa juu ya nchi." Waliotuandikia Biblia hawakuona haya kusema huzuni inaumia wapi.

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2007, Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwalaza watu ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo, wakawaonyesha nyuso zenye hasira na hofu. Mtu alipochagua neno linalotaja hisia ya ule uso, amigdala yake, ile sehemu ndogo inayopiga kengele ya hatari, ilitulia kuliko alipolinganisha uso na uso mwingine bila neno. Kabla ya hapo, mwaka 1993, James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha vijana filamu ya kuchukiza. Wengine waliambiwa wafiche wanachohisi. Nyuso zao zilituliatulia kweli. Lakini chukizo lenyewe halikupungua, na baadhi ya vipimo vya mwili vilipanda. Nawaza kiasi gani cha tunachokiita nidhamu nyumbani ni hicho tu: uso uliotulia.

Mimi nikisoma Mwanzo 4 naona Mungu akifanya kazi ya mshauri. Kaini bado hajamgusa ndugu yake. Mungu anamwona usoni, anamuuliza: "Kwa nini una ghadhabu? Na kwa nini uso wako umekunjamana?" Swali linamfikia kabla ya jiwe, kama lilikuwa jiwe. Kaini hakujibu. Hatusomi neno lake hata moja kwa Mungu hadi ndugu amekwisha kufa.

Niwape mwingine, na huyu ni Mwafrika. Agostino, mwalimu wa kanisa la kale, wa Thagaste, mji wa Algeria ya leo. Mwaka 387 mama yake, Monika, alifariki huko Ostia, safarini kurudi nyumbani. Agostino anasimulia katika kitabu chake, Maungamo, kwamba alimfumba mama macho, akayazuia machozi. Mwanawe Adeodatus, kijana mdogo, akaangua kilio. Watu wazima wakamnyamazisha. Waliona kilio hakimfai mama aliyekufa katika imani. Agostino akaenda mazikoni macho makavu. Akasikia kuoga kunaondoa huzuni, akaenda kuoga, akatoka na huzuni yake vilevile. Baada ya kulala na kuamka, akiwa peke yake mbele za Mungu, ndipo akalia. Mimi nabaki nikimfikiria yule kijana. Babaye alipata mahali pa kulilia. Yeye walimnyamazisha, na kilio chake kilienda wapi, hatuambiwi.

Najua kuna mtu anasema, aah, sisi huku Nyanza kulia hatufundishwi. Kweli. Kwenye matanga nduru inapigwa hadi ng'ambo ya mto, na wazee walikuwa na tero buru, wakikimbiza kifo kwa ng'ombe na fimbo. Lakini huo ni msiba wa watu wote, wenye tenti na sufuria. Mtoto aliyefeli mtihani, au aliyehamishwa shule katikati ya muhula, hapigiwi tenti.

Sasa kutawala. Kwa ufupi.

Mtoto aliyechemka hasikii mahubiri. Anza na mwili. Mwambie ashike kikombe cha uji wa moto, cha kubuni tu. Anuse polepole. Apulize, apulize kwa muda mrefu kuliko alivyonusa, uji usimwagike. Mara tano. Pumzi inayotoka taratibu huupunguzia moyo mbio, ndiyo sababu inafanya kazi hata kwa mtu mzima. Msisite eti ni mambo ya kizungu. Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu, 1 Wafalme 19, malaika hakumkemea kwa kukosa imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa mara ya pili. Swali la "Unafanya nini hapa, Eliya?" lilikuja baadaye, ameshashiba.

Kisha jina la hisia. Kisha mpelekeeni Mungu kama lilivyo. Zaburi ya 13 ina aya sita tu, na ndani ya mbili za kwanza Daudi anauliza "hata lini" mara nne. Hiyo imo katika Biblia ya mtoto wako. Ile ya 88 inaisha gizani kabisa, na hakuna mwandishi aliyeiongezea "lakini Mungu ni mwema" mwishoni. Nasi tusimwongezee mtoto kabla hajamaliza.

Moja la mwisho, na hapa sitanii. Mtoto akikwambia anataka kufa, au anaumizwa nyumbani, usimwahidi siri. Mwombee, ndiyo, na siku hiyohiyo mfikishe hospitali au kwa watu wa ulinzi wa watoto. Namba 116 ni ya bure, popote Kenya.

Kuna mzee hapa mbele ameinua mkono. Ndiyo, baba. "Na sisi ambao hatukuulizwa tukiwa wadogo?" Asante sana kwa hilo, na ndiyo sababu nilileta karatasi. Kalamu ziko kwa mama pale mlangoni. Kila mtu achukue moja, aandike "hata lini" yake moja, kwa lugha yoyote. Hatutasomeana. Nawapa dakika kumi, na feni sasa iwashwe.