Mgonjwa wa Figo Akichanganyikiwa, Fungueni Mfuko Wake wa Dawa

Mabibi na mabwana, mnaonifahamu mmekwisha kunisikia nikilisema hili, nami nalirudia kwa sababu bado tunalikosea: mgonjwa wa figo anapoanza kuchanganyikiwa, dawa anazotumia zichunguzwe kabla ya mtu yeyote kutamka kwamba ni uzee.

Nawaomba mnivumilie nimweleze mwalimu mstaafu mmoja, asiyepata mkojo tena, aliyekuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Tulimwomba achore uso wa saa. Namba zote 12 alizirundika upande wa kulia, kisha akaikodolea macho karatasi huku kalamu ikimrukaruka mkononi. Binti yake alikuwa ameshaambiwa ajiandae kumtunza baba aliyepotewa na kumbukumbu. Mimi nilichokiona ni ule mkono, kwani misuli inayorukaruka namna ile kwa mtu asiye na figo hunifanya nishuku dawa, nikaomba mfuko wake. Mlikuwamo gabapentini, aliyoandikiwa kwa ajili ya ganzi ya miguu, miligramu 300 mara tatu kwa siku.

Gabapentini haivunjwi na ini. Hutoka kwenye mkojo vilevile ilivyoingia. Kwa mwenye figo nzima, kiwango chake katika damu hupungua kwa nusu ndani ya saa 5 hadi 7. Kwa asiyepata mkojo kabisa, siku asiyosafishwa damu, kupungua huko huchukua takriban saa 132, yaani siku tano na nusu. Mashine huondoa nusu kwa takriban saa 4, lakini mzee akirudi nyumbani huendelea kumeza vidonge vitatu kila siku, na karibu vyote humngojea mwilini hadi zamu nyingine ya mashine. Tuliisimamisha dawa. Wiki iliyofuata alichora saa nyingine, namba zikazunguka duara lote, kila moja mahali pake.

Najua kuna atakayesema kwamba sumu za figo zenyewe huvuruga akili. Ni kweli, na ndiyo kazi ninayoifanya maabara kila siku. Bakteria wa utumbo huigeuza triptofani, kijenzi kimojawapo cha protini ya chakula, kuwa indoli, ini huigeuza indoli kuwa indoksili salfeti, nayo hung'ang'ania albumini, protini ya damu, kiasi kwamba chujio la mashine huondoa sehemu ndogo tu. Lakini hoja hiyo hainizuii; inanipa haraka zaidi. Ubongo uliokwisha kulemewa na sumu hizo ndio usiostahili kuongezewa mzigo wa dawa, na sumu ya indoli siwezi kuiondoa leo, ilhali kidonge naweza kukisimamisha kabla ya jua kuzama.

Sefepimi ni hivyohivyo. Sehemu kubwa ya kiuavijasumu hicho, takriban asilimia 85, hutolewa na figo bila kubadilika, na mwaka 2012 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba wagonjwa wa figo wasiopunguziwa dozi wanaweza kupata kifafa kisicho na mtikisiko. Mgonjwa wa namna hiyo hulala macho wazi, haitiki, wala hakuna anayemwona akitupa mikono. Bila kupima umeme wa ubongo, atasemwa kuwa amezidiwa na maambukizi.

Kuhusu shinikizo la damu linaloshuka wakati wa kusafishwa, na damu ya ubongo inayopungua nalo, nimebakiwa na dakika chache, hivyo nitaliacha. La kreatinini, taka ya misuli tunayoipima kwenye damu ili kujua figo zinafanyaje kazi, siliachi. Mzee aliyekonda ana misuli michache, kwa hiyo kreatinini yake yaweza kuonekana nzuri ilhali figo zimekwisha kudhoofika. Cockcroft na Gault walitupa mwaka 1976 kanuni ya kukadiria kazi ya figo inayoingiza umri na uzito, na kuikokotoa hakumalizi dakika mbili. Wafamasia mlioketi hapa, nawaomba muikokotoe kabla dozi haijatoka dirishani, na daktari akikasirika kwa kupigiwa simu, mpigieni tena.

Sasa nayapokea maswali, tuanze na mama aliyeinua mkono pale nyuma.