Anza kumiksi nyumbani na laptopu uliyonayo

Mambo vipi wadau, karibuni. Leo tunaanza u-DJ kutoka sifuri, hapa hapa chumbani, na vitu ambavyo wengi wenu tayari mnavyo: laptopu, hedifoni na sabufa. Kontrola, ile mashine ya vitufe na sahani inayochomekwa kwenye laptopu, sijaiweka mezani kwa makusudi. Kuna vijana wanajibana, wanauza hadi simu, wanakwenda Kariakoo kubeba kontrola ya laki kadhaa, halafu muda si mrefu unaiona imewekwa mtandaoni inauzwa, "haina hata mkwaruzo". Mashine ilikuwa nzima. Tatizo mwenyewe alikuwa hazijui nyimbo zake. Kwa hiyo humu nitakaa zaidi kwenye nyimbo kuliko kwenye vitufe. Aliyekuja kutafuta madoido ya kukwaruza sahani anisamehe, hiyo siyo ya leo.

Haya, programu kwanza. Ziko nyingi: kuna Serato DJ Lite, kuna rekordbox, kuna VirtualDJ ambayo mitaani kwetu ndiyo yenye jina. Zote zinafanya kazi. Mimi leo natumia Mixxx, ile yenye x tatu, kwa sababu ni ya bure moja kwa moja. Haikupi siku za majaribio, haikukatii sauti katikati ya wimbo, na siku ukinunua kontrola utaendelea nayo bila kulipia. Inakubali Windows, Mac na Linux. Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, mixxx.org, usiichukue kwenye flashi ya mtu. Zile programu za kulipia zilizovunjwa ambazo zinazunguka kwenye flashi huja na virusi vyake, na ukipoteza faili zako zote hakuna wa kumdai. Ila tazama kitu kimoja kabla hujamaliza bando: matoleo mapya yanataka Windows 10 kwenda juu, na iwe ya biti 64. Kama laptopu yako ni ya zamani sana, angalia hilo kwanza.

Umeshaisakinisha, ifungue. Itakuuliza folda ya muziki iko wapi. Hapa simama kidogo, usiibonyezee folda ya "Downloads" yenye picha za harusi, risiti na video za WhatsApp. Tengeneza folda mpya, iite Muziki, na ndani yake weka nyimbo unazozijua kabisa. Thelathini zinatosha kuanzia. Najua una elfu tatu. Ziache zilipo.

Nyimbo zenyewe zitoke wapi? Zile ulizohifadhi ndani ya Boomplay au Spotify hazitafunguka humu, kwa sababu zimefungwa zichezwe ndani ya programu zao tu. Unahitaji faili lenyewe, MP3 au WAV au FLAC, na likiwa MP3 basi tafuta la kbps 320, namba ya ubora wa sauti. Lile la 128 kwenye spika ya simu huwezi kulitofautisha, lakini liweke kwenye sabufa kisha ulifuatishe na wimbo wenye ubora, utasikia matoazi yanachakaa na besi imelegea. Halafu kuna zile nyimbo za tovuti za kupakua ambazo katikati ya kiitikio sauti ya mtu inaingia kutaja jina la tovuti. Futa. Hata kama ndiyo wimbo unaobamba wiki hii, futa, utafute safi. Huwezi kujenga miksi juu ya tangazo la mtu mwingine. Wasanii wengi wachanga ukiwaandikia vizuri kwamba wewe ni DJ wanakutumia faili safi wenyewe, tena wanafurahi.

Sasa sauti. Hii ndiyo sehemu inayowashinda wengi, kwa hiyo angalieni skrini vizuri. DJ anasikiliza vitu viwili kwa wakati mmoja: watu wanasikia wimbo unaopigwa, wewe masikioni unasikia unaokuja. Laptopu ina tundu moja la sauti, inatoa kitu kimoja. Unachohitaji ni kadi ndogo ya sauti ya USB, kile kidubwana kinachofanana na flashi chenye tundu la hedifoni. Pale Kariakoo, mtaa wa Aggrey na maduka ya jirani, hukosi, na usikubali bei ya kwanza. Waya wa sabufa unachomeka kwenye tundu la laptopu, hedifoni unachomeka kwenye kile kidubwana. Kisha ndani ya Mixxx nenda "Preferences", halafu "Sound Hardware". Palipoandikwa "Main" chagua sauti ya laptopu. Palipoandikwa "Headphones" chagua ile ya USB. Bonyeza "Apply". Mixxx ina deki mbili, yaani vichezeo viwili, kushoto na kulia, kila kimoja na wimbo wake. Sasa ukibonyeza kile kialama cha hedifoni kwenye deki yoyote, wimbo wa deki hiyo unaingia masikioni peke yake.

Ukisikia sauti inakatika-katika, tk, tk, tk, usiikimbilie laptopu kuilaumu. Ukurasa huo huo una sehemu ya "Audio Buffer", iongeze hatua moja, sikiliza, ongeza tena kama bado. Ukiongeza sana vitufe vitaanza kuchelewa kuitika, basi rudi nyuma kidogo. Na funga kivinjari chenye kurasa arobaini.

Ah, na wale wa spika za Bluetooth: hapana. Bluetooth inachelewesha sauti. Unabonyeza sasa, unasikia baadaye, na kwenye kumiksi hiyo haivumiliki. Tafuta waya.

Tuingie kwenye nyimbo. Zichague zote, upande wa kushoto kuna "Analyze", iache programu izichambue. Itakuandikia tempo ya kila wimbo, yaani mapigo kwa dakika, BPM. Amapiano nyingi utaziona kwenye 110 hadi 115. Bongo fleva imetawanyika, lakini nyingi za kucheza ziko kati ya 90 na 110. Singeli inaanzia karibu 180 na inaweza kupita 250 bila kuomba radhi.

Na hapa ndipo singeli inaichanganya kompyuta. Wimbo wa 208 programu inaweza kuuandikia 104, yaani nusu. Programu imehesabu pigo moja ikaruka moja. Kama unataka kuusahihisha, bofya kulia juu ya wimbo, nenda "Adjust BPM", chagua "Double BPM". Lakini subiri kwanza, usisahihishe zote! Hiyo nusu ni zawadi. Bongo fleva ya 104 na singeli ya 208 zinakaa pamoja, pigo moja la huku linabeba mawili ya kule. Ndiyo njia ya kumtoa mtu kwenye wimbo wa mapenzi ukamtupa kwenye vurugu bila kusimamisha ngoma. Ukiwahi kukaa kwenye kigodoro cha Tandale au Manzese unajua watu wanavyofanya ikifika hapo.

Upande wa pili kuna dansi. Msondo Ngoma, Sikinde, zile rekodi zilizofanyika Redio Tanzania Dar es Salaam. Wale walipiga kwa mikono, bendi nzima kwa pamoja, hakukuwa na kompyuta ya kuwashikia mwendo. Wimbo unaanza taratibu, ikifika sehemu ya chemko mpiga tumba kapandisha, na gitaa nalo limemfuata. Programu ikizichora alama zake za mapigo zimenyooka, baada ya dakika mbili alama ziko huku na ngoma iko kule. Kwa hiyo kwenye dansi kitufe cha "Sync", kile kinacholinganisha tempo chenyewe, kisahau. Utamaliza wimbo uliopo, utaanza wa dansi mwanzoni kwake, uache gitaa lijitambulishe lenyewe. Wazee hawapendi lile gitaa la mwanzo lifunikwe na kitu, na wako sahihi.

Sasa tumiksi. Nachukua amapiano mbili, moja ya 112, nyingine ya 113, ili tusihangaike. Ya kwanza naiburuta hadi deki ya kushoto, ya pili deki ya kulia. Njia za mkato za kibodi ziwashe kwenye menyu ya "Options": D inacheza na kusimamisha deki ya kushoto, L deki ya kulia, G inasogeza krosifeda kushoto, H inaisogeza kulia. Krosifeda ni kile kitelezi kinachoamua watu wasikie deki ipi. Bora uzoee vidole, maana kipanya kimoja hakiwezi kushika vitu viwili.

Deki ya kushoto inacheza. Sikiliza, uhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Hiyo ni baa moja. Muziki wa kucheza unajengwa kwa baa nane nane, mapigo 32, na kila yakiisha kuna kitu kinabadilika: sauti inaingia, ngoma inatoka, besi inashuka. Kwenye 112 mapigo 32 ni kama sekunde 17. Kwenye singeli ya 220 hayafiki sekunde tisa, ndiyo maana ma-DJ wa singeli mikono haitulii. Hesabu mpaka usihitaji kuhesabu. Fanya ukiwa kwenye daladala, fanya ukiosha vyombo.

Deki ya kulia, masikioni tu. Tafuta pigo la kwanza kabisa la ngoma, mawimbi kwenye skrini yatakusaidia, palipo na mlima wa kwanza mrefu. Simamisha hapo hapo, bonyeza Z kama ni deki ya kushoto, au M kama ni ya kulia, alama inabaki. Kuanzia leo ukibonyeza kitufe hicho wimbo unaanzia palepale. Nyimbo zako thelathini zote ziwekee alama hiyo. Ni kazi ya jioni moja au mbili na haina raha yoyote, lakini atakayeifanya ndiye atakayekuwa DJ.

Sasa angalia tempo. 112 na 113 tofauti yake haifiki asilimia moja. Unaweza kubonyeza "Sync" ikalingana yenyewe. Sina ugomvi na kitufe hicho, wakubwa wanakitumia. Ila kwa mazoezi kizime, vuta kile kitelezi cha tempo mwenyewe hadi namba zifanane. Na washa kitufe cha alama ya noti, ili ukibadilisha kasi sauti ya mwimbaji isigeuke ya mtoto.

Wimbo wa kushoto unakaribia kumaliza baa zake nane. Moja, mbili, tatu, nne... na L. Umeingia. Bado watu hawausikii, krosifeda iko kushoto. Washa kialama cha hedifoni kwenye deki zote mbili: masikioni ngoma mbili zinapiga pamoja? Kama unasikia kama farasi anakimbia, ku-dung, ku-dung, moja imetangulia. Shika wimbi la deki ya kulia kwa kitufe cha kulia cha kipanya, lisukume kidogo sana. Linaongeza au kupunguza mwendo kwa muda tu, ukiachia linarudi. Mpaka zile ngoma mbili ziwe ngoma moja nzito. Utaisikia.

Kabla ya kufungua, kata besi ya wimbo unaoingia, kile kitufe kidogo kando ya "Low". Besi mbili zikikutana kwenye sabufa moja haziongezi utamu, zinatoa matope. Sasa H, H, H, krosifeda katikati. Watu wanasikia matoazi na kinanda cha wimbo mpya juu ya besi ya wimbo wa zamani. Subiri. Usiwe na haraka. Baa nane zikiisha, kwa pigo la kwanza: kata besi ya kushoto, fungua ya kulia, mara moja. Hapo ndipo mtu anainua mikono bila kujua kwa nini. Baada ya hapo peleka krosifeda hadi mwisho kulia na kazi imekwisha. Kitufe chochote cha kuzungusha ulichokiharibu, kibofye kulia kinarudi katikati.

Taa nyekundu zikiwaka juu kule, punguza, sauti inapasuka hata kama wewe umezoea. Ukitaka kelele zaidi ongeza kwenye sabufa. Na kama umepanga chumba, ukuta mmoja na jirani, mazoezi ya usiku ni ya hedifoni.

Kama tempo zimeachana sana, tuseme 96 na 113, usizivute kwa nguvu. Acha wa kwanza ufike mwisho wa baa zake, ukate, uanze wa pili kwa pigo lake la kwanza. Kukata safi ni kumiksi pia. Ma-DJ wa redioni wanaishi kwa hiyo.

Na siku ukiitwa kupiga muziki kwenye baa ya vinywaji au ukumbini, suala la hakimiliki linaingia, na ofisi yake ni COSOTA. Mwenye ukumbi muulize kibali kabla hujabeba laptopu.

Mwisho, rekodi. "Options", "Record Mix", au Ctrl na R kwa pamoja. Piga nusu saa bila kusimama hata ukikosea. Umeme ukikatika katikati, betri ya laptopu itaendelea, sabufa ndiyo itanyamaza, kwa hiyo malizia kwenye hedifoni. Faili utalikuta ndani ya folda ya "Music" ya laptopu yenyewe, siyo ile Muziki uliyotengeneza, kwenye "Mixxx", kisha "Recordings". Lisikilize kesho yake, siyo usiku uleule, na andika dakika ambazo besi zimegongana. Hizo ndizo nyimbo mbili utakazoanza nazo mazoezi yanayofuata. Video ijayo tunaweka kontrola mezani.