Ushindi 2, Vipigo 10: Msimu wa Kwanza wa Paul Johnson Annapolis

Mabibi na mabwana, kwanza tuelewane ni mpira gani. Ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mpira wenye ncha, watu 11 kila upande. Anayeshambulia ana majaribio manne ya kusogea yadi 10. Akizipata anaanza kuhesabu upya, akizikosa anamwachia mwenzake mpira. Hesabu hiyo ishikeni, tutaihitaji.

Mwaka 2001 timu ya Chuo cha Jeshi la Majini cha Marekani, kilichopo Annapolis, Maryland, ilicheza mechi 10 ikafungwa zote. Msimu wa 2002 akaingia Paul Johnson, bingwa wa ngazi ya pili ya vyuo mwaka 1999 na 2000 akiwa Georgia Southern. Annapolis hakuwa mgeni. 1995 na 1996 alikuwa pale pale akisimamia mashambulizi.

Tatizo la chuo cha kijeshi linajulikana. Mhitimu anadaiwa miaka isiyopungua mitano ya utumishi, kwa hiyo kijana mwenye ndoto ya ligi ya kulipwa haji. Tena huwezi kujaza mstari wa mbele majitu ya kilo 140, kwa sababu hao ni maofisa watarajiwa na wana vipimo vya mwili vya kutimiza. Ukishindana kifua kwa kifua umekwisha. Johnson akachagua njia nyingine: mlinzi usiyemweza, usimguse. Mwache afanye uamuzi, halafu uamuzi wake umponze.

Inakwendaje? Kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi uwanjani, anapokea mpira na kuuingiza tumboni mwa fulbeki anayepita kwa kasi katikati. (Msimfananishe na fulbeki wa soka, huyu kazi yake ni kukimbia na mpira.) Kwa nukta moja mpira uko kwa watu wawili. Macho ya kwotabeki hayapo kwenye mpira. Yapo kwa mlinzi mmoja wa pembeni aliyeachwa makusudi bila kuzuiwa. Mlinzi akibaki nje, mpira unaachwa kwa fulbeki. Akimvamia fulbeki, kwotabeki anauchomoa na kukimbia pembeni. Huko anamkuta mlinzi wa pili, naye hajaguswa. Huyo akimfuata yeye, anautupa ubavuni kwa mkimbiaji wa tatu aliye yadi chache kando na nyuma kidogo. Akimfuata wa tatu, kwotabeki anakata ndani mwenyewe.

Sasa makosa, maana hapa ndipo msimu wa kwanza unapoumia. Fulbeki akiubana mpira mapema, kwotabeki hawezi kuuchomoa, wanang'ang'aniana na mpira unadondoka. Kwotabeki akichungulia mikono yake, amekwisha kumpoteza mlinzi. Mkimbiaji wa tatu akiwahi, yuko mbele ya mpira na hawezi kutupiwa. Akichelewa, unatua chini, na mpira uliotupwa nyuma ukianguka ni wa atakayeuwahi. Halafu kuna adhabu. Yadi 10 za adhabu kwenye jaribio la kwanza maana yake unadaiwa 20, na timu inayoishi kwa kuokota yadi nne nne haina pa kuzitoa. Hayo hayaponi kwa hotuba ya chumba cha kubadilishia nguo. Dawa yake ni kurudia mpaka mkono uamue kabla ya kichwa.

Mechi ya kwanza SMU, timu ya chuo cha Texas, walilala 38-7. Kisha vikaja vipigo 10 mfululizo. Wengi huviweka vyote kapu moja, na hapo wanakosea. Kufungwa 38-0 na Connecticut ni shambulizi lililokwama kabisa. Kufungwa 49-40 na Northwestern ni jambo jingine: ukipata pointi 40 ukashindwa, kamuulize mlinzi wako. Notre Dame walipona kwa 30-23, Wake Forest kwa 30-27. Timu iliyokuwa haijashinda hata mechi moja mwaka uliotangulia sasa ilikuwa inafungwa kwa pointi tatu.

Desemba wakakutana na timu ya chuo cha Jeshi la Nchi Kavu, mechi ambayo pale chuoni ina uzito kuliko nyingine zote zikiwekwa pamoja. Wakashinda 58-12. Kwotabeki Craig Candeto peke yake alivuka mstari wa goli na mpira mara sita. Hakukuwa na mbinu mpya siku hiyo. Ni ule ule mchomoo wa tumboni, safari hii bila kuchungulia mikono.

Mwaka 2003 wakashinda 8 na kufungwa 5. Mwaka 2004, 10 kwa 2, na mechi ya mwisho, Emerald Bowl ya San Francisco, New Mexico walifungwa 34-19. Humo kuna shambulizi moja la kutazama kwa saa mkononi: majaribio 26, yadi 94, dakika 14 na sekunde 26. Robo nzima ya mchezo ni dakika 15. Na mavuno yake? Pointi tatu tu, kwa mpira wa kupigwa teke. Ila washambuliaji wa New Mexico muda wote huo walikuwa benchi, wakitazama.