Sindano Kabla ya Sahani

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji. Kaka Elias, nataka tuanze na maneno mawili yanayoandikwa katika mafaili ya kliniki za kisukari: mgonjwa "hafuati masharti". Yameanza kunikera.

ELIAS: Yanakukera kwa nini, dada? Wasiofuata wapo.

ZUHURA: Wapo, lakini ingia kwanza nyumbani kwa mtu. Insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70 yenye sehemu ya kufanya kazi haraka na sehemu ya kufanya kazi taratibu, huchomwa takriban nusu saa kabla ya kula, na ikishaingia mwilini itashusha sukari, chakula kiwepo kisiwepo. Sasa mchukue mama anayeuza ndizi stendi, ambaye hana hakika kama jioni atarudi na unga. Akijichoma halafu sufuria isiinjikwe, usiku ataamka akitetemeka huku jasho likimtiririka, au asiamke kabisa. Akiiruka sindano, sukari itapanda kimyakimya na asubuhi atakwenda kazini kama kawaida. Mama huyo hakuasi masharti, amepiga hesabu.

ELIAS: Ingawa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mwili wake hauitengenezi insulini, hana hata nafasi ya hesabu hiyo, kwa kuwa bila insulini mwili humwishia kwa siku chache.

ZUHURA: Kweli kabisa. Na hesabu ya kichupa cha insulini je?

ELIAS: Kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1,000. Aliyeandikiwa yuniti 40 kwa siku hukimaliza baada ya siku 25. Akijipunguzia nusu ili kimfikishe siku 50, anatumia dozi isiyomtosha, tena kutoka kichupa kilichofunguliwa muda mrefu kuliko inavyoshauriwa, katika chumba cha bati kisicho na friji. Shangazi yangu, Dodoma, hukitia katika kikopo chenye mfuniko, kisha kikopo katika mtungi wa udongo wenye maji. Mtungi hutoka jasho, na jasho lile likikauka huondoka na joto. Haufikii baridi ya friji, lakini unaokoa.

ZUHURA: Inashangaza ukikumbuka kwamba mwaka 1923 watafiti Banting, Best na Collip waliuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya insulini kwa dola moja kila mmoja. Leo sehemu kubwa ya soko la dunia imo mikononi mwa kampuni tatu: Novo Nordisk, Eli Lilly na Sanofi.

ELIAS: Hata bei ikishuka, bado kuna nauli ya kliniki, na kuna vijiti vya kupimia sukari, ambavyo vikiisha mtu hubaki akikisia. Mwenye fedha hupima kabla ya kula na kabla ya kulala, akarekebisha dozi. Mwingine hupimwa siku ya kliniki tu, na huenda akaja kujua sukari ilikuwa juu miaka mingi pale kidonda cha mguu kinapokataa kupona au macho yanapoingia ukungu.

ZUHURA: Shangazi naye aliwahi kuandikiwa kwamba hafuati masharti?

ELIAS: Mara mbili. Mara ya tatu alikutana na muuguzi aliyemuuliza jana usiku alikula nini na saa ngapi. Akajibu kwamba hakula. Daktari akapunguza dozi ya jioni na kuiweka kubwa asubuhi, kwa sababu pale nyumbani uji wa asubuhi haukosekani.